Nyumba za Kupangisha Mpanda: Mpangaji ni Nani?

Sensa ya Agosti 2012 iliukuta Mkoa wa Katavi ukiwa na miezi michache tu tangu umegwe kutoka Rukwa, na ikahesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Kwa miaka 10 mkoa ulikua kwa asilimia 7.1 kila mwaka, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 3.2, na hakuna mkoa mwingine wa Tanzania uliofikia kasi hiyo. Takwimu hizi hazikubaki kwenye vitabu vya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Zimo midomoni mwa madalali, na mtu wa Dar es Salaam au Mwanza mwenye akiba yake huambiwa maneno machache: watu wanamiminika Mpanda, nyumba ni chache, nunua ya kurekebisha, irekebishe, weka wapangaji.

Takwimu ni za kweli. Hitimisho ndilo linalohitaji kuchunguzwa, kwa sababu watu wengi walioujaza mkoa huu hawakuja kupanga chumba. Wamekuja wakulima na wafugaji, wengi wao Wasukuma kutoka Tabora, Shinyanga na kwingineko, wakifuata ardhi na malisho. Wamekaa Nsimbo, Tanganyika, Mpimbwe na Mlele, na mtu wa namna hiyo hujenga mwenyewe: anafyatua tofali zake, anazichoma kiangazi, anaezeka bati akishauza mpunga au tumbaku. Hata ndani ya Manispaa ya Mpanda hali haifanani. Kakese, Mwamkulu na Kasokola ni kata za mji kwa mujibu wa ramani, lakini maisha yake ni ya mashamba. Mtu anayechukua ongezeko lote la sensa na kuligeuza kuwa foleni ya wapangaji anahesabu pia familia ambazo hazitalipa kodi ya nyumba hata siku moja.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwekezaji lisiwe bei ya nyumba. Liwe hili: ni nani hasa anapanga Mpanda, analipwa vipi, na atakaa kwa muda gani?

Wa kwanza ni mtumishi wa umma. Mkoa ulipoanzishwa mwaka 2012 zilikuja ofisi zake: sekretarieti ya mkoa, polisi, mahakama, hospitali ya rufaa ya mkoa, halmashauri mpya zenye walimu na wauguzi wake. Huyu ana mshahara wa kila mwezi, na hiyo peke yake inamfanya agombaniwe. Anataka choo chake mwenyewe, mita yake ya LUKU, maji karibu, na geti linalofungwa. Lakini ana mambo mawili ambayo mwenye nyumba huyasahau. Anaweza kuhamishwa wakati wowote, na akikaa muda mrefu atanunua kiwanja Kawajense au Misunkumilo na kuanza kujenga kwake. Kila mwenye nyumba mjini anawapoteza wapangaji wake wazuri kwa njia hiyo. Mtu mwenye kipato cha uhakika ndiye pia mwenye nguvu ya kuacha kupanga.

Wa pili ni mtu wa dhahabu. Kuzunguka Mpanda kuna machimbo ya wachimbaji wadogo, Dirifu na Ibindi yakiwa miongoni mwa yanayofahamika, na mji una wanunuzi, wauza vifaa, mafundi wa mashine na watu wa karasha. Likitoka eneo lenye mali, vyumba vinajaa wiki hiyo hiyo, na mpangaji halalamikii kodi. Mwamba ukikauka anaondoka na begi lake bila kuaga. Kodi yake ni nzuri, ila ni kodi ya msimu, na mtu asikope fedha kwa kuitegemea.

Wa tatu ni mfanyabiashara wa mazao, dereva, kondakta, wakala wa kampuni. Huyu mara nyingi anatafuta fremu na stoo kuliko nyumba ya kulala. Wapo pia wanafunzi, hasa kusini mwa mkoa kule Kibaoni, Mpimbwe, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimeweka Kampasi ya Mizengo Pinda.

Halafu kuna wale ambao wawekezaji wengi hawawataji kabisa: bodaboda, mama lishe, saidia fundi, binti wa saluni, kijana wa duka la dawa, mjane aliyetoka kijijini ili watoto wasome. Wanapanga chumba kimoja Makanyagio, Majengo, Nsemulwa au Kashaulili, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na choo kimoja uani. Kipato chao kinaingia kidogo kidogo, kila siku. Ndio wengi zaidi, ndio hawahamishwi na serikali, na ndio wanaokaa mahali pamoja kwa miaka kama nyumba inakalika. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba biashara ya kununua, kukarabati na kupangisha Mpanda inasimama kwa watu hawa pamoja na mtumishi wa ngazi ya chini, wala haisimami kwa mgeni mwenye fedha nyingi ambaye kila dalali anamsubiri.

Mji wenyewe umewahi kuona ustawi ukija na kuondoka. Mpanda ya kisasa ilitokana na madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba Mukwamba, na kwa ajili ya mgodi huo serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilometa 210 za msitu wa miombo, likakamilika mwaka 1950. Kwa miaka michache Mpanda ilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya madini Tanganyika. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Kilichouokoa mji ni reli iliyobaki, ikabeba mahindi, asali, tumbaku na abiria kwa miongo kadhaa huku barabara za vumbi zikikatika kila masika. Anayenunua nyumba leo karibu na machimbo aiweke mbele yake miaka hiyo miwili, 1950 na 1960. Kati yake ni muda mfupi kuliko ule ambao nyumba ya kupangisha huhitaji kurudisha gharama zake.

Historia nyingine ni ya nchi nzima, nayo inaeleza kwa nini upangishaji wetu umebaki kazi ya mtu mmoja mmoja isiyo na mikataba wala kumbukumbu. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka katika miiko ya uongozi kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwenye nyumba alihesabiwa miongoni mwa wanyonyaji, na jambo hilo lilichukuliwa kwa uzito. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Utwaaji Majengo, ambayo ilichukua majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yasiyokaliwa na wenyewe. Kishindo chake kilisikika zaidi katika miji mikubwa. Miiko hiyo ya uongozi ililegezwa kwa azimio lililopitishwa Zanzibar mwaka 1991. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 iliendelea hadi ilipofutwa mwaka 2005. Kwa kizazi kizima, basi, mtu mwenye fedha alijifunza kujenga kimya kimya, tofali kwa tofali, kwa fedha taslimu, na kupangisha kwa maneno ya mdomo. Tabia hiyo ipo hata sasa kwa watu waliozaliwa baada ya 1991.

Na ndiyo iliyotuachia mapagale. Kila mtaa wa Mpanda una nyumba zilizosimama kwenye renta, nyasi zikiota sebuleni, kwa sababu mwenyewe alihamishwa, aliugua, alifariki, au mavuno hayakufika alipotarajia. Karibu nazo ziko nyumba kongwe za tofali za kuchoma zenye bati lililoliwa na kutu, ambazo watoto wa marehemu wamezipangisha kwa miaka bila kuzigusa. Hivi ndivyo vitu viwili ambavyo mkarabati ananunua hapa. Vyote viwili vina matatizo ya karatasi kabla ya matatizo ya ukuta, na ninaona ni lazima tukae kidogo kwenye jambo hilo, kwa maana ndiko fedha nyingi zinakopotelea.

Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika 2001, inampa raia haki ya kumiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Mtu anapouza nyumba anahamisha haki hiyo pamoja na maendelezo yaliyo juu yake, na uhamisho haukamiliki mpaka usajiliwe. Lakini mauziano mengi ya mjini hufanyika kwa karatasi iliyoandikwa mezani kwa mwenyekiti wa mtaa, ikasainiwa na mashahidi wawili wa kila upande na kugongwa muhuri. Karatasi hiyo ni ushahidi mzuri kwamba fulani alimlipa fulani mbele ya watu. Haisemi kama muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa na baadhi ya ofisi za mitaa nchini nayo haina msingi katika Sheria ya Ardhi, na mnunuzi asidhani kwamba akiilipa amenunua ulinzi.

Hatua sahihi si ngumu siku hizi kama zamani. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, na mtu wa Katavi hahitaji tena kusafiri hadi makao ya kanda kwa ajili ya hati. Upekuzi hufanyika hapo, kujua jina lililo kwenye daftari, kama kuna mkopo wa benki uliofungwa na nyumba, kama kuna zuio la mahakama, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Kwa nyumba isiyo na hati, mnunuzi aulize kwenye halmashauri kama eneo limepimwa au limo katika urasimishaji wa makazi, na kiwanja hicho kwenye mchoro wa mipango miji kimewekwa kuwa nini. Nyumba nzuri iliyojengwa juu ya eneo la wazi au la shule huuzwa kwa bei rahisi kwa sababu maalumu.

Baada ya daftari, uhusiano wa watu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mke aliyekuwa kijijini Mishamo siku ya mauziano anaweza kurudi akafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba, na akashinda. Nyumba ya urithi ina mtego mkubwa zaidi. Anayejitokeza kuuza ni kaka mkubwa, na kila mtu mtaani anamtambua kuwa ndiye mtoto wa marehemu. Lakini mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kama hakuna barua ya uteuzi hakuna muuzaji. Mnunuzi mwenye busara huwasubiri warithi waende Mahakama ya Mwanzo, hata ikichukua miezi. Asiyesubiri ananunua kesi.

Kisha kuna mistari isiyoonekana. Mpanda ni mji wa reli, na reli ina hifadhi yake: mita 15 kila upande mjini, 30 nje ya mji. Barabara kuu, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ina mita 30 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mji huu una mabonde kadhaa ambayo kiangazi hayaonekani kuwa na madhara yoyote. Kadiri lami ilivyosogea, kutoka Sumbawanga na kutoka Tabora kupitia Sikonge, ndivyo nyumba za kando ya barabara zilivyopanda bei, na ndivyo pia alama ya X nyekundu ilivyopata maana. Mtu achukue futi kamba apime mwenyewe kabla hajamwita hata mpimaji.

Vijijini sheria ni nyingine kabisa. Ardhi ya Nsimbo au Tanganyika nyingi ni ya vijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia. Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, yana suala lake: wakimbizi hao na watoto wao wapatao 162,000, pamoja na wale wa Ulyankulu, walipewa uraia mwaka 2014, na tangu hapo wako huru kuishi, kupanga na kununua mjini kama Mtanzania yeyote. Uraia wa mkazi, hata hivyo, ni jambo moja, na hadhi ya ardhi anayoikalia ni jingine. Wanunuzi wa nje wamewahi kuyachanganya haya mawili.

Tuje kwenye ukarabati. Nimesema mpangaji anayedumu ni mwenye kipato kidogo au cha kati, kwa hiyo tuulize ni kitu gani kinamfanya adumu. Si dari ya jipsamu yenye taa za rangi, wala marumaru zinazong'aa barazani. Waulizeni watu waliohama nyumba za korido kwa nini walihama. Watataja choo cha kuchangia familia sita, ugomvi wa LUKU, maji, na bati linalovuja. Umeme wa kuchangia ni chanzo cha uhasama usiokwisha: mmoja ana friji, mwingine ana balbu moja, wote wanachanga sawa, na siku umeme ukikatika usiku hakuna anayekubali kuwa ni zamu yake. Mwenye nyumba anayeweka mita ya kila mpangaji, au walau mita ndogo za ndani za kusoma matumizi, anauza amani.

Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa na majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, mpaka ilipojengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora. Umeme wa kuaminika unabadilisha thamani ya chumba, maana kinyozi, fundi cherehani na muuza barafu wanaweza kufanya kazi walipo. Maji bado ni hoja. Mtaa wa bomba lenye mgao na mtaa wa bomba linalotoka kila siku ni mitaa miwili tofauti katika soko la nyumba hata kama inapakana. Tanki la lita 2,000 juu ya mnara wa zege, na bomba moja ndani ya kila choo, huongeza kodi kuliko rangi yoyote ya ukutani.

Kazi yenyewe ina mpangilio unaotokana na hali ya hewa. Mvua za Katavi huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili, hivyo paa liezuliwe na kuezekwa kiangazi, na tofali zichomwe kiangazi. Saruji inatoka mbali, na usafiri umo ndani ya bei yake, kwa hiyo fundi anayepiga lipu nene kupita kiasi anamwaga fedha. Kenchi zikaguliwe moja moja kwa sababu ya mchwa. Mkoa huu una mchwa wanaoweza kuacha mbao ikiwa na umbo la mbao na ndani hamna kitu. Ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa kwa udongo badala ya saruji si lazima ubomolewe, mradi msingi haujakatika na maji ya paa yanaelekezwa mbali na ukuta. Kwanza paa, halafu mifereji ya maji, halafu choo na shimo lake, halafu umeme, mwisho kabisa rangi. Wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana na mpangaji wa kwanza. Mpangaji wa pili ndiye anayelipia kosa hilo, na wa tatu hapatikani.

Na sasa hesabu. Nitatumia namba za mfano, na msomaji aweke za mtaa wake. Tuseme nyumba ya korido ya vyumba sita imenunuliwa kwa shilingi milioni 18. Imekarabatiwa kwa milioni 12, ikagawanywa kuwa sehemu tatu za chumba na sebule, kila moja na choo chake, mita yake na jiko dogo la nyuma. Kila sehemu inapangishwa kwa 100,000 kwa mwezi. Ikijaa mwaka mzima inaleta milioni 3.6. Lakini haitajaa mwaka mzima: toa miezi miwili kwa kila sehemu ya kubadilisha wapangaji na kusubiri, inabaki milioni 3. Toa asilimia 10 ya kodi ya mapato ya pango, inabaki milioni 2.7. Toa 400,000 za kitasa, bomba, bati na kunyonya choo, inabaki milioni 2.3. Kwa mtaji wa milioni 30 hiyo ni chini kidogo ya asilimia 8 kwa mwaka. Kama nyumba hiyo hiyo ingenunuliwa kwa milioni 30 kwa sababu dalali alisema mji unakua, mtaji ungekuwa milioni 42, na faida ingeshuka hadi kama asilimia 5 na nusu.

Linganisha na hatifungani za serikali za miaka 20 na 25, ambazo katika miaka ya karibuni zimetoa riba ya kati ya asilimia 12 na 16, bila mpangaji, bila mchwa, na kwa kuanzia na shilingi milioni moja tu. Linganisha pia na mkopo. Mikopo ya nyumba Tanzania imekuwa ikitozwa riba ya asilimia 15 hadi 19. Ukikopa hizo milioni 30 kwa asilimia 17, riba ya mwaka wa kwanza ni milioni 5.1, zaidi ya kodi yote ambayo nyumba ingeingiza ikiwa imejaa siku zote 365. Vitabu vya Marekani vinavyofundisha watu kununua nyumba kwa fedha ya benki, kuikarabati, kuipangisha, kisha kukopa tena juu yake ili kununua ya pili, viliandikwa katika nchi yenye mikopo ya miaka 30 kwa riba ndogo isiyobadilika. Hata huko njia hiyo ilichangia maumivu ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Mpanda, anayeifuata kwa mkopo wa kibiashara anailisha benki kwa mfuko wake.

Je, basi watu wana wazimu kununua nyumba? Hapana. Nyumba inafanya mambo ambayo hatifungani haifanyi. Bei yake inaweza kupanda mji unapopanuka, ingawa hilo ni tumaini na lisiingizwe kwenye hesabu ya chakula cha mwezi. Inaweza kukaliwa na mwenyewe akistaafu, na kurithiwa na watoto wanaoijua kwa macho. Inazuia fedha isiliwe na shida za ukoo, kwa sababu hakuna shemeji anayeweza kuazima ukuta. Hizi ni sababu za heshima kabisa. Ila mtu azijue kuwa ndizo sababu zake, asijidanganye kwamba ni faida ya kodi.

Faida ya kweli, ikiwepo, iko kwenye bei ya kununulia na kwenye muda ambao chumba kinakaa kitupu. Bei hufuata msimu wa mazao. Januari hadi Machi ghala limekwisha, ada zinadaiwa, na wauzaji wanajitokeza. Juni hadi Agosti fedha ya tumbaku na mpunga iko mikononi, na wanunuzi ndio wengi. Mwekezaji wa mjini anajua hili na hulitumia. Siwezi kusema ni haramu, lakini kuna tofauti kati ya kununua pagale ambalo mwenyewe ameshindwa nalo kwa miaka na kumnyang'anya mama nyumba pekee aliyonayo kwa sababu mtoto amelazwa. Katika mji wa ukubwa huu majirani hukumbuka ni lipi kati ya hayo mawili lilifanyika, na mpangaji wa baadaye atasimuliwa.

Mzigo wa kodi nao haujagawanyika kwa haki. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Ni fedha ndogo, na njia ya kuikusanya ni rahisi, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Mwenye mali analipiwa kodi ya mali yake na mtu asiye na mali. Mwanzoni mwa 2023 ulizuka pia mjadala mkubwa kuhusu wapangaji kutakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Mtu anayejua uwezo wa mpangaji wa chumba kimoja mbele ya mwenye nyumba wake anajua kwamba asilimia hiyo ingeongezwa juu, isingekatwa. Mwenye nyumba mwaminifu atamrudishia mpangaji ile 1,500 kwenye hesabu ya mwezi, na atapeleka mwenyewe asilimia yake.

Lakini jambo linaloamua zaidi kama biashara hii inawafaa watu wa Mpanda ni kodi ya mkupuo. Miezi sita, na kwa nyumba nzuri mwaka mzima, mbele, taslimu, pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Kwa chumba na sebule cha 100,000, mwalimu mpya anayeshuka kwenye basi anatakiwa awe na 700,000 kabla hajapokea mshahara wa kwanza. Bodaboda hawezi kabisa, hata kama kila mwezi anao uwezo wa 100,000. Wenye nyumba wana sababu yao: wameumizwa na wapangaji waliohama usiku, na ile fedha ya mkupuo ndiyo inayonunua bati za nyumba inayofuata, kwa kuwa benki ni ghali. Sababu hiyo naielewa. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba nyumba inabaki tupu miezi miwili ikimsubiri mwenye 700,000, wakati watu watatu wenye 100,000 za leo wamepita getini na kuambiwa waende.

Rudi kwenye hesabu ya juu. Miezi miwili mitupu kwa kila sehemu iligharimu 600,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba anayepokea kwa mwezi, akichukua amana ya mwezi mmoja na kuandika mkataba wa kurasa mbili, anaweza kuokoa sehemu kubwa ya fedha hiyo, kwa sababu chumba chake hakikosi mtu. Sheria ya Ardhi inamlinda kiasi cha kutosha: upangaji wa mwezi kwa mwezi unavunjwa kwa notisi ya mwezi mmoja kutoka upande wowote, na Baraza la Ardhi na Nyumba lipo kwa ajili ya anayekataa kutoka. Malipo kwa simu yanaacha kumbukumbu ambayo karani wa miaka ya nyuma angeitamani. Mkataba uandikwe Kiswahili, utaje tarehe ya kulipa, nani anatengeneza nini, amana inarudishwa lini, na kodi haitapandishwa kabla ya muda gani. Nakala moja abaki nayo mpangaji, nyingine mwenye nyumba, na ya tatu ikae ofisi ya mtaa.